Udongo Ndani ya Hedifoni ya Nne

Jumapili ile Yordanka alipoinyanyua hedifoni ya nne mezani, pedi zake zilikuwa na joto, kana kwamba mtu amezivua sasa hivi na kwenda kunawa mikono. Akazishika tena. Joto kabisa. Na ndani ya nyumba hakukuwa na mtu ila yeye.

"Labda jua," alijisemea. Lakini Gabrovo, mji wake huko Bulgaria, haukuwa umeona jua tangu Jumatano.

Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mbili, akiishi peke yake ghorofa ya tano, juu ya mto Yantra. Zamani alikuwa fundi katika kiwanda cha simu. Kiwanda kilipofungwa, akabaki na mikono yake. Sasa alinunua hedifoni za zamani, zile zinazofunika sikio zima na kuzibwa nyuma, akazifungua, akazitengeneza upya mpaka zikaimba kuliko walivyokusudia waliozitengeneza. Mwanawe wa pekee alikuwa Ujerumani. Alimpigia mama yake simu Pasaka na Krismasi tu.

Mgeni wake alikuwa mmoja tu: Minko, fundi wa televisheni mstaafu, mtu asiye na mke wala mtoto, aliyeunda amplifaya kwa mikono yake. Kila Jumapili saa nane mchana, akiwa ameshakula kwake, alivuka daraja akikokota toroli la sokoni, na ndani yake amplifaya mbili zimeviringishwa blanketi kama watoto wachanga: ndogo ya transista, na kubwa ya taa za kioo, kama za redio za zamani, iliyopasha chumba moto kuliko jiko. Walisikiliza wimbo uleule kwa kila hedifoni na kila amplifaya, wakaandika maksi daftarini, wakabishana. Ilikuwa miaka sita sasa.

Safari hii zilikuwa hedifoni nne za aina moja. Vikombe vya ya kwanza Yordanka alivijaza pamba, vya ya pili sufu ya kondoo, vya ya tatu nta. Ya nne aliikandika udongo. Udongo wenyewe aliuchota kwenye ukuta wa nyumba ya babu yake kijijini, siku tingatinga lilipokuja kuibomoa.

"Udongo!" Minko alicheka. "Dada, unatengeneza hedifoni au unajenga tanuri?"

"Sikiliza kwanza, kaka. Mdomo utautumia baadaye."

"Nyie watu wa Gabrovo kwa ubahili bwana! Udongo, kwa sababu ni wa bure."

"Na wewe umezaliwa wapi, Paris?"

Walianza. Ya pamba, Minko alisema, besi yake imelegea kama soksi ya mzee. Ya sufu ilikuwa tamu, ila mwimbaji kajificha nyuma ya pazia. Ya nta ilikata masikio. Kisha akavaa ya udongo na kuichomeka kwenye ile ndogo ya transista.

"Ngumu kusukuma hii," alisema, akizungusha kitufe cha sauti. "Inataka nguvu." Akazungusha mpaka mwisho. Uso wake ukabadilika.

Hedifoni iliyozibwa nyuma humfungia mwimbaji ndani ya fuvu lako. Hilo kila mmoja wao alilijua. Hapa mwimbaji alikuwa chumbani. Kuta zilikuwa zimesogea mbali, dari ilikuwa ya mbao, na harufu ya chokaa mbichi na majivu ya zamani ilipanda puani mwa Minko. Wimbo ukaisha. Hakuivua.

"Yordanka," alinong'ona. "Mbona unapumua hivyo?"

"Mimi? Niko huku jikoni."

Aliivua upesi. Yordanka akaja, akaivaa, akaihamishia kwenye amplifaya kubwa, akasubiri taa zikolee wekundu. Alisikiliza muda mrefu bila wimbo wowote kuchezwa. Halafu akatabasamu, na Minko, ambaye kwa miaka sita hakuwahi kuliona tabasamu lile, alirudi nyuma hatua moja.

"Niachie hii kubwa mpaka Jumapili," Yordanka alisema.

Minko hakuwahi kumwachia mtu yeyote ile amplifaya. Lakini aliondoka na toroli lenye ile ndogo tu.

Jumatano alipiga simu, haikupokelewa. Alhamisi vilevile. Ijumaa akavuka daraja, na haikuwa Jumapili. Kwenye ngazi alikutana na jirani wa ghorofa ya nne amebeba takataka.

"Aa, kumbe uko nje?" jirani alishangaa. "Nilidhani umehamia kwake. Anaongea mchana kutwa, anacheka. Nikasema, afadhali, amepata mtu."

Mlango haukuwa umefungwa kwa ufunguo. Harufu ya udongo uliolowa ilimpokea kabla hajauvuka. Siku hiyo jua lilikuwa limetoka, jua la Januari, la chini, linaloingia dirishani kama mtu anayechungulia, nalo lilimpiga Yordanka aliyeketi kwenye kiti na hedifoni masikioni, midomo ikicheza, taa zote za amplifaya zimewaka, kitufe kimefika mwisho. Na Minko alipotazama ukutani nyuma yake aliona kivuli cha kiti, na kivuli cha mikono iliyotulia mapajani, na kivuli cha mabega, na kivuli cha shingo, na juu ya shingo aliona ukuta mweupe, mtupu, wenye ufa mdogo, mahali ambapo kivuli cha kichwa kilipaswa kuwa.

"Yordanka."

"Shii. Anaongea."

"Nani?"

"Ukinyamaza utamsikia."

Minko akachomoa waya wa umeme, kisha wa hedifoni. Taa zikafifia, zikazimika. Midomo ya Yordanka haikukoma. Aliendelea kujibu, taratibu, kwa adabu, kama mtu anayejibu mwenyeji, na kutoka ndani ya vile vikombe visivyo na umeme wala waya Minko aliisikia sauti ya mwanamume, ya chini, ya upole, ikiuliza kitu asichoweza kukishika, ikinyamaza kungoja jibu, kisha ikiuliza tena. Akaivuta hedifoni kwa nguvu. Kuzunguka masikio ya Yordanka palikuwa na duara mbili za tope bichi.

"Rudisha," alisema, na macho yake hayakuwa na hasira, yalikuwa na njaa. "Tafadhali, kaka. Rudisha."

Minko alimfunga koti, akamteremsha ngazi, akampakia kwenye gari lake bovu pamoja na ile hedifoni, akaendesha mpaka kijijini kwa Bibi Gana, mganga anayewatoa watu hofu kwa madini ya risasi iliyoyeyushwa.

"Mkeo?" Bibi Gana aliuliza.

"Hapana, bibi. Tunalinganisha hedifoni."

"Mh," alisema bibi.

Alimfunika Yordanka kitambaa chekundu, akashika bakuli la maji juu ya kichwa chake, akamimina risasi. Ikalia ndani ya maji. Bibi alilitazama lile umbo lililotokea, akaligeuza, akalisukuma mbali.

"Huo udongo umetoka wapi?"

Minko akamweleza. Bibi akachukua kisu, akapasua kikombe cha kushoto. Ndani ya udongo mkavu palikuwa na kipande cha uzi mwekundu wa sufu, chenye mafundo matatu.

"Waashi wa zamani," alisema kwa sauti ya chini, bila kuugusa, "walipima kivuli cha mpita njia kwa uzi, wakaujengea ukutani ili nyumba isianguke. Mwenye kivuli hakumaliza siku arobaini, akafa. Anabaki humo, jini la nyumba, mlinzi. Miaka mia mbili amelala ukutani anawasikiliza watu wakila na kugombana. Leo nyumba imebomolewa. Aende wapi? Mmempa chumba, tena mkampa na nguvu ya kusemea."

Minko aliinamisha kichwa. Nguvu ile ilitoka kwenye amplifaya yake.

"Sasa anampima huyu, apate wa kukaa naye. Kichwa amemaliza. Akifika miguuni, hamtakuwa na mtu. Mrudisheni kwenye ukuta uliosimama. Na akiita, msijibu."

Pale palipokuwa na nyumba ya babu yake Yordanka, kilichosimama kilikuwa dohani ya mawe ya kutolea moshi tu, katikati ya theluji na matofali. Minko alikanda tope kwa theluji iliyoyeyuka kiganjani, akausukuma uzi katika ufa kati ya mawe, akaukandika, akaupiga kwa ngumi mpaka vidole vikatoka damu. Walipogeuka kuondoka, Yordanka alisimama ghafla. Minko hakusikia kitu, ila alimwona akifungua mdomo. Akamshika mkono wa koti, akamvuta, hatua kwa hatua, kama anavyovutwa mnyama mtoni, na juu ya theluji mbele yao vivuli viwili vilirefuka, vyote vina vichwa.

Jumapili Minko alikuja na toroli lake. Hedifoni ya nne ilikuwa imesafishwa na kujazwa pamba. Waliisikiliza kwa ndogo, wakaisikiliza kwa kubwa. Mwimbaji alikuwa amerudi ndani ya fuvu. Waliandika maksi, na hakuna aliyebishana.

"Alikuwa anakuambia nini?" Minko aliuliza mwishowe.

Yordanka alitazama mto.

"Alikuwa ananiuliza nimekula nini."

"Basi?"

"Basi. Kila siku. Nikimwambia maharage, anauliza kama nimetia mnanaa. Miaka sita, Minko, wewe unaniuliza besi."

Minko akalifunga daftari.

"Na sasa yuko kule kwenye baridi," Yordanka akaongeza polepole. "Yeye nani atamuuliza?"

Minko akainuka, akafungua friji. Nusu limau, na chupa ya pilipili za kuchoma. Akavaa koti, akashuka ngazi za ghorofa tano, akarudi na mkate wa moto, jibini na soseji.

Yordanka alikuwa ameshaandaa meza. Sahani zilikuwa tatu, na kiti cha tatu kilikuwa kimevutwa nyuma kidogo, kama anavyovutiwa mgeni.

Minko alisimama mlangoni, theluji ikimyeyuka mabegani. Kisha akavua koti, akaketi, akakata mkate vipande vitatu.