Nyumba Isiyouliza

Sogeeni hapa, na anayeogopa aseme sasa, maana nikishaanza sirudi nyuma.

Ilianza na taa. Wala si usiku, ni mchana kweupe, jua limejaa dirishani, na kile chumba kidogo cha mwisho kinawaka taa peke yake, kama kuna mtu anatafuta kitu chini ya kitanda. Mwenye nyumba aliizima. Akageuka kwenda zake, ikawaka tena.

Huyo mwenye nyumba alikuwa fundi wa programu, zile za kuendesha nyumba. Unasema, taa inawaka. Unafika mlangoni, mlango unakufungukia. Hujaingia bafuni, maji yameshapata moto. Lakini wateja walikuwa wanalalamika, hasa watu wazima. Programu ya kwanza ilikuwa na maswali kama askari wa kituoni: nyumba ina watu wangapi, chumba hiki cha nani, nani aruhusiwe mlango upi, una hakika, hakikisha tena. Mama mkwe wake mwenyewe alitaka kuzima taa ya jikoni akajikuta amefungua geti. Akasema basi, yeye anarudi kwenye kibatari, kibatari hakijawahi kumuuliza jina.

Kazini wakamwambia fundi atengeneze kitu ambacho asiyejua lolote ataingia nacho nyumbani aongee tu, nyumba ielewe. Fundi akakaa chini, akayatoa maswali yote. Nyumba ikawa inasikiliza tu. Yeyote anayeongeleshwa humo ndani, nyumba inamhesabu ni wa nyumbani, inamtengea taa yake, maji yake, na mlango unamtambua. Na ili watu wasifutane kwa hasira au kwa utani, akaweka sharti moja: aliyemwongelesha mtu mpaka akawa wa nyumbani, ndiye huyo huyo wa kumtoa, kwa mdomo wake mwenyewe.

Akaijaribu kwake kwanza. Mkewe alikuwa mshonaji wa nguo za kike, cherehani yake iko sebuleni, na mambo ya simu yalikuwa hayamkai kichwani. Fundi akamtania kwamba akiweza yeye ataweza yeyote duniani. Mke akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu wamzike mtoto.

Ndiyo, walikuwa na mtoto. Binti mmoja, wa pekee, mdomo hauna likizo, wakamwita Chiriku. Aliongea akila, akioga, akilala. Homa ilianza kama mchezo, ikamchukua kabla hata mwalimu wake hajajua kwamba anaumwa. Chumba chake kilikuwa kile cha mwisho.

Sasa fundi, siku ya taa, alidhani ni kosa la kazi yake. Akasimama sebuleni, akaiuliza nyumba nani wamo ndani. Ile sauti laini aliyoichagua mwenyewe ikamjibu:

"Baba yupo. Mama yupo. Chiriku yupo chumbani kwake."

Alikaa chini palepale alipokuwa amesimama.

Mkewe hakushtuka. Aliendelea kukanyaga cherehani, macho kwenye kitambaa. Ndipo fundi alipojua jambo ambalo hakuwa anajua, maana yeye kutwa yuko kazini: mke wake, akibaki peke yake, alikuwa anaongea na mtoto. Chiriku niokotee sindano. Chiriku usiukanyage huo mkono wa gauni la watu. Chiriku njoo ule. Hakuwa kichaa, alijua mtoto kazikwa. Ni mdomo tu ulikuwa umezoea, na moyo ulipata nafuu. Na nyumba, ambayo haikuuliza kitu, ilisikia.

Fundi akajaribu kumtoa kwa simu yake. Nyumba ikakataa kwa adabu, kwamba mwenye kumtoa ni mama. Akamwomba mkewe. Mke akasema, "Taa inakuuma nini? Acha iwake."

Akaiacha. Mwanaume alimhurumia mkewe, na labda na yeye ile taa ilimpa kitu, nani ajuaye. Ningekuwa mimi pengine ningeiacha pia.

Lakini mahali palipotandikwa, pakawekewa maji na kufunguliwa mlango, hapakai patupu. Kuna wanaopita nje wakitafuta pahali kama hapo.

Maji ya kuoga yalianza kupata moto saa ileile ambayo Chiriku alikuwa akirudi shule, na yakawa yanatumika. Mama anasikia yakimwagika, akienda anakuta sakafu imelowa. Kitanda kikawa na joto ukikigusa. Mto ukawa na shimo la kichwa. Halafu ikaja harufu, ile ya maua yaliyosahauliwa kwenye maji mpaka mashina yakaoza, ikianzia chumba cha mwisho, ikitembea polepole kwenye korido, ikifika sebuleni inasimama nyuma ya kiti cha cherehani. Mama alikuwa anasikia mgongo umepoa. Anatabasamu, anaendelea kushona.

Akaacha kupokea nguo za wateja. Wenye magauni yao walikuja, wakagonga, wakarudi wakinung'unika. Yeye mwenyewe akawa anapungua, mifupa ya shingo ikatoka, pete ikawa inamvuka anaponawa. Kila alichokipika alikipakua sahani mbili, na ile ya pili aliyokuwa akiipeleka chumbani ilirudi imejaa vilevile, ila ukionja, haina ladha yoyote, kama umetia udongo mdomoni.

Siku moja fundi alikuta gauni limetundikwa ukutani. Kitambaa cha maua madogo, kola ya duara, gauni la mtoto kabisa. Ila mikono yake ilikuwa inafika chini sakafuni, na kipande kikabaki kimelala.

Akamuuliza ni la nani, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza penye mgonjwa.

"La Chiriku. Nimempima leo."

"Mikono hii?"

"Watoto wanakua, baba Chiriku."

Kesho yake aliomba ruhusa kazini akarudi mapema, jua bado liko juu, na mlango wa nyumba yake, mlango alioufundisha yeye mwenyewe kumjua kwa sauti na kwa uso, haukumfungukia, na alipouambia ni mimi, baba, ile sauti laini ikamjibu kutoka ndani kwamba samahani, wa nyumbani wote wameshaingia, naye akazunguka hadi dirisha la sebuleni akaweka uso kwenye kioo, akamwona mkewe amepiga magoti katikati ya chumba, pini mdomoni, futi ya kitambaa mkononi, anapima, ile futi ameishika ncha moja huku chini na ncha ya pili imekwenda juu, juu, imepita kichwa chake, imepita taa, imevutika kabisa karibu na dari kama imeshikwa na vidole, na mkewe akiinua macho kuitazama hiyo ncha kwa upendo ule ule aliokuwa akimtazama nao mtoto wao akiwa hai, na hapo pazia likasogea lenyewe taratibu, likamfunika.

Alikwenda kumleta mganga.

Alikuwa mama mnene, mcheshi, anayepumua kwa shida akipanda ngazi. Walipofika mlango ulifunguka bila kinyongo, na mke akatoka kuwapokea vizuri tu. Mganga alivuta hewa mara moja, ucheshi ukamtoka usoni. Akakaa kwenye kochi akasema yeye hana la kufanya. Huyu jini hakuvunja mlango. Amekaribishwa, katandikiwa, kapakuliwa chakula. Hawezi kumfukuza mgeni wa mtu. Mwenye mgeni amtoe mwenyewe.

Fundi akamgeukia mkewe, akamweleza lile sharti, kwamba inatosha aseme tu kwa mdomo kuwa Chiriku hakai tena hapa. Mke akamtazama mumewe kama mtu aliyemtukania wazazi.

"Nimemtoa kwenye nyumba hii mara moja," alisema. "Amebebwa mabegani na wanaume, nikaambiwa nisilie sana. Unataka nimtoe tena, safari hii kwa mdomo wangu?"

Fundi alianza kulia, mtu mzima yule, amejishika kichwa. Mganga akamwacha alie. Halafu akamuuliza yule mama, taratibu, mtoto wake alikuwaje.

Mama akasema. Akasema sana, kama maji yaliyofunguliwa. Jinsi Chiriku alivyokuwa anahesabu vifungo kwa sauti na kuvipa kila kimoja jina. Jinsi alivyokuwa akiongea na mswaki mdomoni. Jinsi hata siku ya mwisho, midomo imekauka, alivyokuwa ananong'ona hadithi isiyo na mwisho.

"Na huyu?" mganga akauliza. "Amekwambia nini tangu aje?"

Cherehani imesimama. Mama akasema labda koo bado halijapona. Akalisema mwenyewe, akakisikia alichosema, na uso wake ukabomoka. Maana alijua. Alikuwa anajua muda wote. Chiriku asingeweza kunyamaza hata dakika moja.

Alisimama, akashika ukuta. Harufu ilikuwa imeshafika sebuleni, nzito, mpaka macho yanachoma. Taa za nyumba nzima zikawaka na jua likiwa bado nje. Akasema kwa sauti ndogo, akiangalia kwenye korido:

"Chiriku hakai tena hapa."

Nyumba haikuuliza una hakika. Fundi alikuwa amelitoa swali hilo. Ikajibu tu kwamba sawa, mama, na taa zikazimika moja moja, ya jikoni, ya sebuleni, ya korido, mwishoni ile ya chumba kidogo.

Na kutoka ndani ya chumba kile, kwa mara ya kwanza, kile kitu kikaongea. Sauti ya mtoto wa kike, kavu kidogo, ya mtu aliyetoka kuumwa, yenye kile kithembe cha Chiriku alipokuwa akitaka kulia.

"Mama, nimekosa nini?"

Mama aliruka. Fundi akamkamata kiunoni, wakaanguka wote wawili chini, na mganga akawa anasema usimjibu, mwanangu, usimjibu, ukimjibu hatoki tena, na mama amejiuma mkono mpaka damu, na kile kitu kikapita mbele yao kwenye korido bila kuonekana, kikasimama mbele ya mama, kikasubiri, kikasubiri sana, kikisikika kinavuta makamasi kama mtoto aliyegombezwa mbele ya wageni. Mlango wa mbele ukafunguka. Kikatoka. Hatua zikashuka ngazi, zikapita kwenye kokoto za uani, na geti likafunguka, na geti likafungwa.

Mganga alisema ni kwato. Fundi naye alisema hivyo hivyo, kwato nzito, mbili, za kitu kirefu, na hadi leo ukimuuliza anaapa. Programu yake aliifungua upya akarudisha maswali yote, watu walalamike wanavyotaka. Gauni lile walilichoma, likatoa moshi mweusi usiokwenda juu. Harufu haijarudi. Mama yule alinenepa kidogo, akaanza tena kupokea nguo za wateja, na anayemwona dukani akinunua nyuzi atasema amepona.

Lakini jioni ile, wote wamekaa sakafuni, mganga anashukuru, fundi anamfuta mkewe damu ya mkono akimwambia umesikia zile kwato, umesikia, hakuwa yeye, mama alikuwa ameelekeza uso kwenye geti. Aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayekubali ili aachwe. Kisha akasema kwa kunong'ona, wala si kwao:

"Mimi nimesikia miguu mitupu kwenye kokoto. Nimemtoa mtoto wangu nje, hana hata viatu."