Uji wa Sofia

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Najma alikabidhiwa chupa ya chai iliyojaa uji. Mama yake, Bi Zamda, aliupika kwa maziwa, tangawizi na pilipili manga, kama wanavyopikiwa wanawake waliotoka kujifungua.

"Mpelekee Sofia. Mwambie msimu wa sikukuu ukipungua nitakuja kumwona," Mama alisema huku akifunga furushi la madera anayouza Mtaa wa Kongo, Kariakoo.

Sofia alikuwa na miaka kumi na saba. Alikimbia vita kwao Uvira, nchini Kongo, akiwa mjamzito, bila mume wala ndugu. Alimsaidia Bi Zamda kukunja nguo kwenye meza yake ya biashara mpaka alipojifungua mtoto wa kike. Sasa alikaa peke yake na mwanawe katika chumba cha kupanga Gerezani, nyuma ya maduka ya vipuri.

Siku za mwanzo Najma aliufikisha uji vizuri. Sofia aliosha chupa, na Najma alipoipitia jioni aliirudisha na kitu juu ya kifuniko, maana hata kwao si adabu kurudisha chombo kitupu. Leo ndimu, kesho chumvi kidogo iliyofungwa kwenye karatasi. Mama alifurahi kupita kiasi, utadhani kaletewa dhahabu.

Kisha Nasreen, rafiki wa Najma, akamwona njiani. "Kumbe siku hizi wewe ni mtumishi wa mkimbizi!" alisema mbele ya wenzao, nao wakaangua kicheko. Najma alitamani ardhi immeze. Kesho yake, Nasreen alipoomba aonje, walikaa kwenye ngazi za duka lililofungwa wakaumaliza uji wote. Ulikuwa mtamu, hilo tusifiche. Ikawa ndiyo kazi yao kila siku.

"Sofia anasemaje?" Mama aliuliza jioni.

"Anashukuru," Najma alijibu bila kumtazama.

Mama aligeuza kifuniko kitupu. "Siku hizi hata chumvi hakuna. Ameanza kuringa huyu." Alisema kwa uchungu, na Najma akaichukua chupa kwenda kuiosha.

Jumamosi Najma alikuwa mezani na mama yake alipofika Bi Hajira, jirani wa Sofia, akihema.

"Zamda, yule binti ameanguka kwenye foleni ya kliniki! Tumemrudisha nyumbani. Mtoto ananyonya, hapati kitu, analia tu."

"Haiwezekani! Mimi nampelekea uji kila siku."

"Uji gani? Anashindia chai ya rangi."

Mama alikunja uso. "Basi anaumwaga. Mtu asiyetaka msaada nimfanyeje?"

Najma angenyamaza, hakuna ambaye angejua. Lakini akilini alimwona yule mtoto, mdomo wazi, akilia.

"Hakuumwaga, Mama," alisema, machozi yakimtoka. "Tuliunywa mimi na Nasreen."

Mama hakumpiga. Aliifunika meza yake wateja wakiwa wamejaa, akamshika mkono wakaenda Gerezani.

Sofia alikuwa amelala kwenye mkeka, midomo imemkauka. Najma alipiga magoti na kueleza yote.

"Nilifikiri mama yako amenichoka," Sofia alisema polepole. "Nikasema ni haki yake, mimi si ndugu."

Bi Zamda alilia waziwazi. Jioni hiyo alipanga zamu ya kupika na wanawake wenzake wa sokoni. Muuguzi wa kliniki alikuwa amesema Sofia ale na kunywa vya kutosha, na aendelee kumnyonyesha mtoto. Baada ya siku kadhaa kilio cha mtoto kikapungua.

"Vita vilimnyang'anya Sofia watu wake," Mama alimwambia Najma. "Sisi ndio tuliobaki. Ulipoona aibu ya kuchekwa, ulimwacha na njaa, na mwanawe akakosa maziwa. Kisha ukaniachia nimdhanie vibaya. Ukipewa chakula cha mtu, kifikishe, hata dunia nzima ikucheke."

Asubuhi iliyofuata Najma alipita na chupa yake mbele ya Nasreen na wenzake. Walicheka. Hakusimama.

Jioni aliirudisha nyumbani. Mama hakumuuliza kama uji ulifika. Juu ya kifuniko kulikuwa na chumvi kidogo, imefungwa kwenye karatasi.