Punda wa Ndila

Ndila alipuliza vumbi, akaendelea kusugua kwa msasa. Mkononi alikuwa na kete ya chesi aliyochonga kwa msaada wa mjomba wake, Mutie, badala ya farasi mweupe wa shule aliyepotea. Ila Ndila hakuwahi kumwona farasi. Alichonga mnyama aliyemjua, yule anayebeba mitungi ya maji. Masikio yakatoka marefu.

"Chini bado hajalingana," Mjomba alisema. "Ona anavyoyumba."

"Atasimama tu, Mjomba. Nitachelewa."

Siku hiyo, katika fainali ya chesi mjini Kabati, mpinzani wake alikuwa Sabrin, binti wa mwenye duka. Mshindi angeenda mashindano ya kaunti mjini Kitui.

"Huyu ni farasi ama punda?" Sabrin aliuliza.

"Punda. Lakini anaruka kama farasi."

"Basi leo atabeba maji!"

Walicheka, kisha wakaanza kucheza. Ndila alikuwa akielekea kushinda. Alimshika punda amrushe mbele, ndipo akaona: punda ndiye aliyemkinga malkia wake na ngome ya Sabrin! Akamwachia upesi. Punda akayumba, akaanguka.

"Umegusa!" Sabrin alisema.

Sheria ni kwamba ukigusa kete ili ucheze, lazima uichezeshe hiyo hiyo.

Mwalimu Kathini, aliyekuwa mwamuzi, alisogea. "Ndila, ulitaka kumchezesha, ama ulikuwa unamsimamisha tu? Nimemwona akianguka tangu asubuhi."

Jibu lilikuwa tayari, la kuokota tu. Ndila alimtazama malkia wake.

"Nilitaka kumchezesha, Mwalimu."

Akamchezesha. Ngome ya Sabrin ikamla malkia, na baadaye mfalme wa Ndila akakosa pa kukimbilia.

Sabrin alimpa mkono. "Ungesema ulikuwa unamsimamisha tu, ningesema nini? Kabla niende Kitui, uje tufanye mazoezi. Uje na punda wako."

Jioni Mjomba Mutie alisikiliza kisa chote mpaka mwisho.

"Kushindwa kunauma," alisema. "Lakini ulichotaka kufanya ulikijua wewe peke yako, na ukakisema. Siku nyingine ukiulizwa, neno lako litatosha." Akampindua punda. "Na hapa chini je? Kazi ya haraka huzaa visingizio."

Ndila alichukua msasa, akasugua mpaka giza likaanza kuingia. Alimsimamisha punda mezani. Akayumba bado, ila kidogo.

"Mwache apumzike," Mjomba alisema. "Kesho utaendelea."