Saa Tatu Tu Angani

Siku waliyokutana, ofisi ya tiketi za ndege ilifurika watu hadi mlangoni. Fundi makochi akaingia na nyundo, misumari kaibana mdomoni, akawainua abiria wote ili awambe upya makochi. Mkata tiketi, binti wa blauzi ya manjano iliyonyooka kwa pasi, akampasha palepale. Fundi akatema misumari kiganjani, akamwambia kwa upole kwamba kiti chake nacho kina mguu mbovu, asije akaanguka na hasira zake. Binti akacheka bila kutaka, na mambo yakaanzia hapo.

Makochi yalipona upesi, lakini fundi hakukoma kuja kuyakagua. Simu asubuhi, simu jioni, umekula, laazizi, umefika, laazizi, mpaka wenzake binti ofisini wakawa wanamjibia.

Kisha mkuu wao akampandisha binti cheo, na cheo chenyewe kilikuwa kwenye tawi la ng'ambo, upande wa pili wa dunia. Alimwonyesha fundi tiketi roho ikiwa juu, akingoja alie, akasirike, amwombe abaki, lolote. Fundi akaisoma, akamrudishia.

"Si mbali. Jumapili nitakuwa nakuja tule mchana, jioni narudi zangu."

Kumbe binti alikuwa anapenda peke yake! Iliuma. Akaacha kupokea simu zake, na mama yake alipouliza kulikoni, akajibu kwamba yule hana moyo, ana nyundo tu.

Wiki haikuisha, fundi akajipanga foleni kama mteja, kavaa suti ya kaka yake inayombana makwapa.

"Nikusaidie nini, kaka?" binti aliuliza, kama hamjui.

"Tiketi ya kwenda na kurudi kule unakohamia. Jumapili, niende na kurudi siku hiyohiyo."

Binti akaanza kuandika kwenye kompyuta, akizigonga herufi kwa hasira, kisha akashindwa kujizuia. "Unanifanyia mzaha mbele ya wateja?"

"Mzaha gani? Tiketi yako niliisoma mwenyewe. Unaondoka saa nane mchana, unafika saa kumi na moja jioni. Saa tatu tu."

Binti alimkodolea macho. Akamweleza taratibu, kama anavyowaeleza wazee, kwamba saa ya kufika ni ya kule, na kule saa zao ziko nyuma sana. Angani mtu anakaa kutwa nzima.

Fundi akanywea. Machozi aliyoyangoja binti wiki nzima yakamlengalenga fundi machoni.

"Kwa hiyo unaniacha," alisema.

Moyo wa binti ukayeyuka. Hasira zote zikamtoka, akabaki na huruma na furaha isiyo na haya.

"Nisikukatie, basi?"

"Nikatie. Ya kurudi ndiyo uifute. Saa tatu ni za kwenda kutembea, mpenzi. Kutwa nzima ni ya kuhama, na makochi mabovu yapo kila mahali. Ila siwezi kuhamia kwa mchumba. Nataka nihamie kwa mke wangu."

Bibi mmoja nyuma akamsihi binti ajibu haraka, yeye ana ndege.

"Nenda kwanza ukamwambie mama," binti alisema, na vidole vyake vilikuwa vimeshaifuta safari ya kurudi.