Jina la Maluki Getini

Jumamosi ile ya mwisho ya Aprili Maluki alitoka nyumbani saa kumi na moja na nusu asubuhi. Alikunywa chai akiwa amesimama.

"Mama Carolyne, leo ni siku ya matangi," alisema. "Nitachelewa kidogo."

"Usisahau mafuta ya taa," nikamwambia.

Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake. Mafuta ya taa.

Saa sita mchana jirani yetu Gachau alikuja mbio hadi mlangoni. Viatu vyake vilinuka mafuta. Hakutaka kuketi.

"Ndila, vaa viatu twende hospitali. Maluki ameanguka ndani ya tangi."

Tulipofika, alikuwa ameshakata roho.

Mimi na Maluki tulitoka upande wa Matuu, Ukambani, miaka tisa iliyopita. Tulipanga chumba kimoja Kiandutu, hapa Thika. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, lakini kazi niliyopata ni ya kuuza mboga kando ya njia. Maluki alikuwa kibarua katika kiwanda cha mafuta ya kupikia, Eneo la Viwanda. Alikuwa kibarua miaka hiyo yote tisa. Hakuandikwa hata siku moja.

Nitaeleza jinsi vibarua walivyoingia kazini. Kila asubuhi walingoja nje ya geti. Nyapara alitoka, akawaonyesha kwa kidole: wewe, wewe na wewe. Aliyechaguliwa alimwachia soja, yaani mlinzi wa geti, kitambulisho chake. Soja alimpa kibati chenye nambari. Jioni alirudisha kibati, akapewa kitambulisho. Jina lake halikuandikwa popote.

Kuna jambo jingine. Wakamba waliketi upande wa ukuta. Wakikuyu, akina Gachau, waliketi upande wa mtaro. Hakuna aliyewaambia waketi hivyo. Walizoea tu, kwa sababu kila mtu alimfuata yule aliyemleta.

Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, vibarua walisafisha matangi. Mabaki ya mafuta yakioza ndani ya tangi, hutoa hewa mbaya ambayo huioni. Mtu huishiwa nguvu kabla hajajua ameishiwa. Mafundi wa kigeni waliokuja na mashine kutoka ng'ambo walilijua hilo. Walipochungulia tu tangini, walivaa maski za mpira zenye bomba la hewa. Vibarua walioingia hadi chini walipewa kitambaa kilicholoweshwa maji, wajifunge puani.

"Sisi Waafrika tuna mapafu ya chuma," Maluki alikuwa akisema, na tulicheka. Sasa sijui tulicheka nini.

Mwezi wa Februari, kabla ya hayo yote, mwanamke mmoja alipita mtaani kwetu na kinasa sauti. Jina lake Janice. Anatangaza katika redio ndogo huko Ruiru. Alikuwa akiuliza juu ya kazi ya matangi. Maluki alimkaribisha, akamvutia kiti.

"Mimi nitasema," alisema. "Kwa nini wao wavae maski na sisi tufungwe kitambaa kama mtoto mwenye mafua?"

Nilitoka nje nikiwa na kisu cha kukatia mboga.

"Madam, samahani. Huyu hana la kusema."

"Mama Carolyne!"

"Nimesema hana la kusema. Kesho nyapara akisikia sauti yako redioni, nani atakuchagua? Huyu dada atakuja kutulisha?"

Janice alizima kinasa sauti chake. Alisema ananielewa, akaondoka. Maluki hakugombana nami. Alirudisha kile kiti ndani.

Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza. La pili lilikuja siku mbili baada ya kifo chake.

Ili upewe kibali cha kuzika, lazima urudishe kitambulisho cha marehemu. Cha Maluki kilikuwa bado kwa soja wa getini. Jumatatu nilikwenda kukichukua. Soja huyo, mzee Omondi, alinipa kwa mikono miwili na kuniambia pole. Nilimshukuru. Nilikipeleka ofisi ya serikali, wakakichukua, nikapewa kibali. Sikupiga hata picha kwa simu.

Wiki moja baada ya mazishi, nilirudi kiwandani kuuliza watasaidiaje. Karani alipekua karatasi zake.

"Maluki nani? Hakuna mtu wa jina hilo aliyeingia kazini siku hiyo."

"Alifia kwenu!"

"Kuna mtu aliingia bila ruhusa, akapata ajali. Wewe una kitu cha kuonyesha kwamba alikuwa kazini?"

Kibati kilibaki kwao, na hakikuwa na jina. Kitu cha kuonyesha kilikuwa kitambulisho ndani ya sanduku la soja. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekitoa.

Nilipomweleza Waceke, mke wa Gachau, alishika kichwa. "Ngai, Mungu wangu! Hata mimi ningekichukua, Ndila. Nani angejua?" Kisha akasema, "Yule dada wa redio, nambari yake ninayo."

"Nilimfukuza."

"Basi nitampigia mimi. Mimi sikumfukuza mtu."

Janice alikuja kesho yake, nikiwa na Waceke na Gachau. Hakuleta kinasa sauti. Alileta mkate na majani ya chai, akaketi kwenye kile kiti cha Februari. Nilianza kuomba msamaha, akanizuia.

"Mimi pia nilikosea," alisema. "Nilikuja kuchukua sauti ya mtu mmoja, niitangaze, niende zangu. Mtu mmoja akisema peke yake, anafukuzwa peke yake. Ulikuwa na haki ya kuogopa."

"Sasa tufanye nini? Maluki hawezi kurudi."

"Hawezi. Lakini Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, nani ataingia tangini?"

Waceke alimtazama mumewe. Gachau alitazama chini.

"Unaona?" Janice alisema. "Kuna kazi mbili, na zinakwenda pamoja. Ya kwanza ni kutafuta ukweli. Ya pili ni watu kukaa chini na kuamua wataufanyia nini. Ukweli bila watu ni habari ya siku moja. Kesho watu wanaongea mpira. Na watu wakipiga kelele bila ukweli uliopimwa, kampuni inasema ni wahuni."

"Na ukweli unapimwaje?" Gachau aliuliza.

"Ulikuwa ndani siku hiyo?"

"Nilikuwa tangi la pili. Maluki alikuwa la tatu."

"Saa ngapi?"

"Kama saa nne unusu. Tulikuwa tumetoka chai."

"Ulimwona akiingia, au uliambiwa?"

Gachau alifikiri. "Nilimwona akipanda ngazi. Alivaa sweta ya kijani. Kuanguka nilisikia tu."

"Hivyo ndivyo inavyopimwa," Janice alisema. "Nitaandika kile ulichokiona pekee. Ulichosikia nitamuuliza aliyeona. Kila mmoja nitamuuliza kando, asisikie mwenzake. Na hakuna jina litakalotoka bila mwenyewe kukubali."

Ilimchukua siku tisa. Vibarua kumi na mmoja walikubali kuzungumza, sita Wakikuyu na watano Wakamba. Wote, kila mmoja kwa wakati wake, walitaja tangi la tatu, sweta ya kijani na kitambaa kilicholoweshwa maji. Mzee Omondi naye alizungumza. Alisema ndiyo, kitambulisho kilikuwa kwake, na alinipa Jumatatu.

Kisha Janice aliiandikia kampuni barua kuuliza upande wake. Waceke alikasirika.

"Kwa nini uwaulize? Watasema uongo tu!"

"Waseme, nitausoma redioni wote. Tusipowauliza, watasema tumewaonea. Tukiwauliza, msikilizaji atasikia pande zote mbili na kupima mwenyewe."

Kampuni ilijibu kwa mistari mitatu. Walisema Maluki hajulikani kwao.

Kabla ya kutangaza chochote, Janice aliomba ukumbi wa kanisa hapa Kiandutu. Vibarua walikuja Jumapili alasiri na wake zao. Wakamba waliketi upande wa madirisha. Wakikuyu waliketi upande wa mlango. Hata kanisani!

Janice hakuhutubia. Aliweka kinasa sauti juu ya meza, akatupigia sauti za vibarua alizonasa. Wenye sauti hizo walikuwa wamekubali zisikike.

Sauti ya kwanza ilikuwa ya Mutisya, Mkamba mwenzetu. "Sisi tuliambiwa na nyapara, Wakikuyu wanaingia bila maski na hawalalamiki. Sasa sisi tuseme nini? Tuonekane waoga?"

Sauti ya pili ilikuwa ya Gachau. "Nyapara alisema, wale wa ukutani wanaingia bila maneno. Kama hutaki, nitaita Mkamba. Nikaingia."

Kisha Mutisya akasimama.

"Gachau, yaani nilikuwa naingia kwa sababu yako?"

"Na mimi kwa sababu yako, bwana!"

Mtu mmoja alicheka, wengine wakafuata. Mimi sikuweza. Nilifikiria kwamba kutoka ukutani hadi mtaroni ni hatua kumi. Katika miaka tisa hakuna aliyezivuka kwenda kuuliza.

Ndipo Janice akauliza, "Mnataka nini?" Watu wakaanza kusema yote kwa pamoja. Aliwaomba wachague mambo machache ambayo kila mtu atayakumbuka. Walikubaliana hivi: maski na kamba ya kumvutia mtu kwa kila anayeingia tangini, na jina la kila kibarua liandikwe getini. Mzee mmoja aliongeza kwamba jina la Maluki liandikwe pia, kwa tarehe ile. Walichagua wajumbe wanne, wawili wa ukutani na wawili wa mtaroni. Wajumbe walipeleka barua kwa kampuni na nakala kwa ofisi ya leba, ile ya serikali inayosimamia mambo ya kazi. Barua ilikuwa na sahihi za watu themanini na saba, ili asipatikane mmoja wa kufukuzwa.

Jumatano redio ilitangaza. Nilizungumza kwa jina langu.

Ikafika Jumamosi ya mwisho ya Mei. Nilikwenda getini nikasimama ng'ambo ya barabara. Siku hiyo vibarua waliketi wamechanganyika. Nyapara alitoka, akasimama kidogo, kama mtu aliyepotea njia.

"Matangi! Nani anaingia?"

Hakuna aliyeinuka.

"Gachau, wewe si mwanaume?"

"Mimi ni mwanaume," Gachau alisema. "Leta maski, leta kamba, andika jina langu. Nitaingia."

"Mutisya! Njoo wewe, huyu ameshiba."

"Hata mimi nimeshiba," Mutisya akajibu. "Maski, kamba, jina."

Wengine wakarudia maneno hayo matatu. Hawakupiga kelele na hawakurusha jiwe. Nyapara aliingia ndani, akatoka, akaingia tena. Saa tatu fundi mmoja wa kigeni alikuja na ufunguo, akafungua kabati la stoo. Maski zilikuwa humo. Zilikuwa nane. Baadhi zilikuwa bado kwenye nailoni.

Gachau ndiye aliyeniambia jioni. Hakutaka kuniambia. Nilimlazimisha.

Nane. Tangu lini? Sikuuliza. Mara nyingi bado nalifikiria kabati lile. Nafikiria kile kiti, na Maluki akisema, "Mimi nitasema." Kama ningerudi ndani na kisu changu nikamalizia mboga, pengine kabati lingefunguliwa mwezi wa Machi. Janice anasema siwezi kulijua hilo. Ni kweli, siwezi.

Jumatatu afisa wa leba alifika kiwandani. Alichukua maelezo ya wale kumi na mmoja na ya mzee Omondi. Aliagiza kwamba mtu asiingie tangini bila maski, kamba, na mwenzake wa kusimama nje. Mafundi wa kigeni na vibarua wafuate sheria moja. Aliagiza pia majina yaandikwe getini. Mwezi uliofuata hakuna aliyeanguka. Waceke siku hizi hulala usingizi Ijumaa ya kuamkia siku ya matangi. Vibarua hukutana kanisani kila Jumapili ya kwanza, na Janice huja kutoka Ruiru, ila sasa yeye huketi nyuma na kusikiliza.

Jina la Maluki bado halijaandikwa. Kampuni inasema daftari la Aprili halikuwepo, kwa hiyo hakuna pa kuliandika. Kesi yangu dhidi yao iko kortini.

Nimeandika haya ili nisisahau sweta ya kijani, na ili anayesoma akumbuke kuuliza upande wa pili mapema kuliko sisi.

Kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu, karani huketi getini na daftari. Huandika jina la kila anayeingia, mara mbili, na karatasi moja hubaki kwa mwenye jina.