Jumamosi Tatu za Gitaa Jeusi

"Liweke chini hilo. Shingo imepinda."

"Imepinda wapi?"

"Njoo upande huu. Funga jicho moja, lishike kama bunduki, angalia kuanzia chini mpaka kichwani. Unaona pale katikati linavyobonyea?"

Nikafunga jicho, nikaangalia. Kidole chake kilikuwa kinatembea taratibu juu ya ile shingo nyeusi, na mimi, mtu mzima na akili zangu timamu, nikawa naangalia kidole.

"Naona," nikasema.

Sikuona kitu. Lakini aliyesema ni Tuni, na kwa siku zile Tuni angeniambia hata paa la duka limepinda ningeinama nisigongwe.

Kazi yangu ni kushona makochi, kwenye karakana ya shangazi yangu. Sindano ninayotumia ni ndefu kama kiganja na vidole vyangu vina sugu za kutosha. Na napenda metali, ule muziki wa magitaa yanayonguruma na ngoma zinazokimbia. Sipendi kwa kujificha. Mtu akiniambia hizo ni kelele, namwambia kelele ndizo nilizozifuata. Miaka miwili nilijifunza kwenye gitaa la mbao la marehemu mjomba, lisilo na umeme. Halafu nikasikia bendi ya mtaa wa pili inatafuta mpigaji wa gitaa la pili. Nikavunja kibubu, nikaenda kwenye duka ambalo Tuni anauza na kutengeneza magitaa. Watu walimwita hivyo kwa sababu hawezi kupita karibu na gitaa bila kuligusa na kuliweka tuni, yaani kuzisawazisha sauti za nyuzi.

Jumamosi ya kwanza niliingia na vumbi la sponji kwenye nywele. Mteja mmoja akacheka.

"Dada, unamnunulia nani?"

"Namnunulia huyu," nikasema, nikajigonga kifuani.

Tuni hakucheka. Alishusha gitaa la bluu, akalichomeka kwenye ampu, ile spika ya gitaa, akafungua distosheni, kile kitufe cha kukwaruza sauti, mpaka mwisho.

"Sikiliza. Hata hatujapiga uzi mmoja."

Ampu ikavuma kama friji bovu.

"Hivi visahani chini ya nyuzi ndiyo pikapu, ndivyo vinavyonasa sauti," akasema. "Hizi ni za koili, ule waya wa kuzungushwa, moja moja. Kwa nyimbo za taratibu, tamu sana. Kwa metali zitakuumbua. Wewe tafuta za koili mbili mbili."

Muuzaji anayekukataza kununua! Nilitoka mle mikono mitupu, na uso mzima unacheka.

Jumamosi ya pili likashuka jekundu. Pikapu zilikuwa zenyewe, lakini daraja, pale nyuzi zinapofungiwa chini, lilikuwa la springi, lenye mkono wa chuma pembeni.

"Ukivuta huu mkono mara mbili, tuni imeondoka. La bei kubwa linavumilia. Kwa bei yetu, tafuta lenye daraja lililokazwa kwa skrubu, halitikisiki."

Alisema bei yetu. Nikalibeba neno hilo mpaka nyumbani. Alikuwa ameniwekea kigoda karibu na ampu, akanipa chai kwenye kikombe chake mwenyewe, tukaongea mpaka nikasahau kuwa nimetumwa gundi.

Sasa ilikuwa Jumamosi ya tatu, na gitaa jeusi lilikuwa na kila kitu: pikapu za koili mbili, daraja la skrubu, na bei iliyonitosha bila kuomba punguzo. Ila shingo.

"Sasa nifanye nini, Tuni? Wale wa bendi wananisubiri."

"Mzigo mpya unakuja mwisho wa mwezi. Usikurupuke. Njoo Jumamosi ijayo tuangalie tena."

"Jumamosi ijayo saa tisa ndiyo wananijaribu. Nimekwambia wiki iliyopita, nakwambia tena leo."

"Waambie wakusubiri," akasema, akanimiminia chai.

Sijafika hata njia panda, simu ikaita. Ni Radi, mpiga ngoma na kiongozi wa bendi.

"Umepata gitaa?"

"Bado. Lililopo lina kasoro."

"Mara ya tatu hiyo. Sikiliza dada, Jumamosi saa tisa ndiyo mwisho. Kuna mtu mwingine na ana gitaa lake tayari. Mimi nataka mpigaji, sitaki mtalii wa madukani."

Akakata.

Jumatatu nilikuwa napiga pini kwenye kochi la watu watatu kwa nguvu kuliko lilivyostahili. Shangazi akanitazama juu ya miwani.

"Hilo kochi limekukosea nini?"

Nikamwambia yote. Shangazi akatoa pini mbili mdomoni, akazichomeka kwenye kanga yake.

"Limepinda kiasi gani hilo gitaa?"

"Kidogo, katikati."

"Ulipima?"

"Tuni aliniangalizia."

"Seremala akituletea fremu hapa, akaapa imenyooka, wewe unafanya nini?"

"Navuta uzi."

"Na akisema imepinda?"

Nikaokota pini iliyoanguka.

"Nakuuliza wewe."

"Navuta uzi, shangazi."

"Sasa gitaa ni mbao au ni andazi?"

"Tuni ni mkweli. Kuhusu la bluu alisema kweli, nilisikia kwa masikio yangu. Na jekundu pia."

"Mimi sijamwita mwongo. Nimesema hukupima." Akarudisha pini mdomoni, akaongea kwa pembe ya mdomo. "Mwanamume anayemzungusha mteja Jumamosi tatu kwenye duka lenye magitaa matatu, huyo ana lake jambo."

Jumamosi saa nane nilisukuma mlango wa duka. Mfukoni nilikuwa na kipande cha uzi wa nta, ule tunaoshonea makochi. Kigoda changu kilikuwa pale pale. Chai ilikuwa inafuka.

"Nilijua utakuja," Tuni akasema, macho yanamcheka.

"Nishushie jeusi."

"Lile? Tulishaongea, shingo..."

"Nishushie."

Akalishusha. Nikalilaza mezani, nikatoa uzi, nikauvuta kwa mikono miwili juu ya shingo, kutoka chuma cha kwanza mpaka cha mwisho, vile vyuma vyembamba vinavyoikatiza shingo. Nikainama. Uzi ulilala sawasawa. Katikati palibaki nafasi ya unene wa karatasi, na Tuni mwenyewe ndiye aliyenifundisha kuwa nafasi hiyo lazima iwepo, bila hiyo nyuzi zinakwaruza.

Nikarudia upande wa nyuzi nene, kisha upande wa nyuzi nyembamba.

"Imepinda wapi, Tuni?"

Akanyoosha mkono, akaanza kukaza nyuzi.

"Nionyeshe. Una kidole, si ndiyo? Kiweke palipopinda."

"Haijapinda," akasema.

"Sema tena."

"Haijapinda. Ni zima. Ni gitaa zuri kuliko yote tuliyonayo kwa bei hii."

Masikio yakaniwaka moto.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza uliyoingia."

"Na la bluu? Na jekundu?"

"Hayo nilisema kweli. Wallahi nilisema kweli."

"Ndiyo ubaya wako huo! Ulinipa ukweli mara mbili ili uongo wa tatu niumeze bila maji!"

"Nilitaka urudi," akasema, anaangalia meza. "Watu wakishanunua huwa hawarudi kukaa. Nikasema, likiondoka hili, na wewe umeondoka."

"Kwa hiyo ukaona afadhali nikose nafasi yangu."

"Sikufikiria..."

"Nilikwambia saa tisa. Nilikwambia mara mbili! Ulifikiria vizuri tu, Tuni. Ulijifikiria wewe."

Na hapa niseme wazi, maana sitaki mtu anionee huruma ya bure. Na mimi nilizipenda zile Jumamosi. Nilikuwa nafua ile blauzi moja kila Ijumaa kwa ajili yake. Angesema tu, "Kaa, tunywe chai, nimekupenda," ningekaa. Ndicho kilichoniuma. Alikuwa amejenga uzio kuzunguka mtu ambaye wala hakuwa anakimbia.

"Lichomeke," nikasema.

Akalichomeka. Nikafungua distosheni mwenyewe, nikazima nyuzi kwa kiganja, nikasikiliza. Ampu ilitulia. Nikapiga. Vioo vya kabati vikatetemeka na sauti ikanipanda mpaka kwenye meno.

"Lichukue," Tuni akasema. "Sitaki hela. Nitalilipia mimi."

"Hapana. Bei ni iliyoandikwa, na nitalipa iliyoandikwa. Sitaki zawadi ya mtu aliyenichezea."

Nikalipa, nikalitia kwenye mfuko niliolishonea gitaa kwa mabaki ya vitambaa vya makochi, wenye maua makubwa ya njano. Nikalivaa mgongoni.

"Nisamehe," akasema nyuma yangu.

"Nimechelewa," nikasema, nikatoka.

Bendi ilikuwa inafanyia mazoezi kwenye gereji ya zamani, matairi yamepangwa ukutani kuzuia sauti. Radi akautazama mfuko wa maua, akalitazama gitaa.

"Wiki zote hizi ulikuwa unatafuta hili la bei chee?"

"Hili hili. Washa ampu."

"Dada, metali inataka gitaa la maana."

"Metali inataka mkono. Koili ni mbili mbili, daraja limekazwa, shingo nimeipima kwa uzi. Ulitaka mpigaji. Hesabu tupige."

Akagonga fimbo zake mara nne. Sijui nilipiga nini dakika ya kwanza. Najua hasira za Jumamosi tatu zilishuka zote kwenye mkono wa kulia. Gitaa lile halikukohoa wala kupoteza tuni. Tulipomaliza, Radi alikuwa ameinua fimbo juu na amesahau kuzishusha.

"Mazoezi kila Jumamosi saa tisa," akasema. "Na huo mfuko wako, mwezi ujao kwenye onyesho uje nao hivyo hivyo. Asiyependa maua afunge macho."

Tuni alituma ujumbe jioni ile ile.

"Umepata nafasi?"

Sikujibu.

Kesho yake: "Nilikosea. Sina maelezo mengine."

Sikujibu.

Wiki ya pili: "Kigoda chako kipo. Simruhusu mtu kukikalia." Huo niliusoma mara sita, nikakasirika na yeye, nikakasirika na mimi, nikarudi kushona.

Wiki ya nne, katikati ya mazoezi, uzi mwembamba ukakatika, ukanichapa kwenye kifundo cha mkono. Zilizobaki zilikuwa zimechakaa na kushika kutu ya jasho. Jumatatu nikamuaga shangazi.

"Naenda kununua nyuzi za gitaa."

"Kuna duka jingine kule karibu na benki," akasema, hainui macho. "Wana nyuzi nzuri."

"Najua."

"Mimi nimekwambia tu."

Nikaenda kwa Tuni.

Alikuwa amekonda kidogo. Sikupanga kuliona hilo, nikaliona. Kigoda kilikuwa mahali pake. Lakini kuna kitu kipya: ukutani, pembeni ya magitaa, palikuwa na msumari, na kwenye msumari unaning'inia uzi mrefu wa nta. Chini yake karatasi, kwa mwandiko wake mbaya: PIMA MWENYEWE KABLA HUJALIPA.

"Umeweka lini?"

"Jumamosi ile ile uliyoondoka. Bosi alinifokea, nikamwambia ukiutoa huo uzi na mimi nitoe." Akanigeukia. "Umekuja kunitukana?"

"Nimekuja kununua nyuzi."

Akageukia rafu haraka, pakiti mbili zikamdondoka.

"Tuni, kazi hii una miaka mingapi?"

"Minane."

"Mtu akipiga metali kila wiki, anabadilisha nyuzi baada ya muda gani?"

"Inategemea mkono. Mkono kama wako, mwezi. Wakati mwingine hata wiki tatu, maana..."

Akaiangalia pakiti aliyoshika. Nikaliona jibu likimfikia polepole, kuanzia machoni.

"Ungeniuzia gitaa zima Jumamosi ya kwanza," nikasema, "ningerudi hapa kila mwezi, miaka yote, kwa miguu yangu mwenyewe. Miaka minane unauza nyuzi, hukulijua hilo?"

Akaketi kwenye kigoda changu, akaficha uso.

"Mimi ni mjinga," akasema ndani ya viganja.

"Wewe ni mjinga. Na mimi bado nakupenda, na hiyo si sababu ya kukuamini. Nisikilize vizuri. Hapa Jumamosi siji tena, nina mazoezi. Ukinitaka, utakuja wewe kwenye gereji yetu. Utakaa nyuma kwenye matairi. Nikikosea utaniambia nimekosea, nikipatia utasema nimepatia. Siku utakayonidanganya, hata kwa kunifurahisha, naenda kununua nyuzi karibu na benki."

Akainua uso. Macho yalikuwa mekundu.

"Saa tisa?"

"Saa tisa. Na ukifika mapema, ampu ni nzito, utaibeba."

"Nitaibeba."

Akanikabidhi pakiti kwa mikono miwili. Nikaichana pale pale mbele yake, nikazitoa nyuzi moja moja, nikazilaza kwenye kaunta.

"Ziko sita," akasema kwa upole.

"Subiri," nikamwambia. "Bado nahesabu."