Majina Kutoka Majini

Hasifa aliacha kupepesa macho. Mumewe, Mahmudu, aliligundua hilo siku ya pili baada ya kurudi kutoka kisiwani. Mkewe alikuwa anachambua mchele uani, jua limempiga usoni, na kope hazikutikisika.

Walikuwa wamekwenda siku ya Idi, kwenye kisiwa kidogo cha mchanga ziwani, upande wa Majanji, kuogelea na kushindana juu ya mipira ya matairi. Mahmudu, mwenye lori pale Busia, hakufanya mchezo na maji. Alipima kina kwa mti, akamfunga mkewe kamba, akakataza mtu kupita maji ya kiuno. Hakuna aliyezama. Lakini wanajeshi walikuwa wamekwisha kulilisha ziwa lile mambo mengine.

Mchana nyumba ikaanza kunuka matope na samaki waliooza. Kisha Hasifa akafungua kinywa, ikatoka sauti nzito ya mwanamume.

"Mmefanya nyumba yangu kaburi! Kila juma mnanitupia watu! Oriokot, fundi wa redio, mikono imefungwa waya! Okurut, karani, hana masikio!"

Mahmudu akamziba mdomo. "Nyamaza, mama Fauziya! Watu nasikia!"

Akafunga madirisha, akafungulia redio mpaka mwisho, akaketi mlangoni, kwa maana alimwogopa jini aliyempanda mkewe, lakini alimwogopa zaidi jirani wa ukuta wa pili, aliyekula mkate wa wapelelezi, na aliwaogopa askari wa kizuizi cha barabarani, ambao wangekuja kwa jina moja tu likipenya dirishani, na majina hayakukoma.

Akaenda kumleta Abbo, mganga wa Kirewa. Mama huyo alimfukiza Hasifa ubani, akamshika utosi.

"Toka. Rudi kwako."

"Kwangu hakuna nafasi!" jini akanguruma. "Obbo wa Kirewa amelala mlangoni. Alimwita mama yake mpaka maji yakamjaa."

Abbo akaondoa mkono utosini. "Obbo gani?"

"Mwenye kovu la jembe mguuni."

"Mtoto wangu," Abbo alisema polepole. Kisha sauti ikapanda. "Kila kambi mimi nakwenda kuuliza! Askari nanicheka! Nasema amekimbilia Kenya!"

"Mama, mtoe haraka," Mahmudu alinong'ona.

"Simtoi!"

Abbo alitupa chetezo, akazima redio, akasukuma dirisha likagonga ukuta. "Sema! Sema kwa nguvu!"

Jini akasema. Wanawake waliokuwa wakiuza nyanya kando ya barabara wakaziacha chini, wakaja dirishani. "Na Mangeni? Mangeni wa Buteba yuko huko?" Mmoja alijibiwa, akaanguka. Wengine hawakukimbia, hata gari la jeshi liliposimama nyuma yao na askari wakaruka chini na bunduki.

Hasifa akawatazama bila kupepesa.

"Hawa nawajua," jini akasema. "Hawa ndio waletaji."

Akamtaja dereva wa gari la jeshi kwa jina lake na la mama yake. Dereva akashika koo, akapiga magoti barabarani, na maji ya ziwa yakaanza kumtoka puani.